Neno Lililofukuzwa Uani

Nimefundisha Kiswahili karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijakutana na mtu mwingine aliyefukuza kitenzi nyumbani kwake. Mama Mwenye Nyumba wetu wa Mpanda alikifukuza kitenzi "kufunga". Mlango, kwake, ulirudishwa. Mbuzi alitiwa kamba. Mzigo ulikazwa. Duka likiwa limefungwa alisema wenyewe wameondoka, na timu ya mtaa ikifunga goli alisema wameingiza. Siku moja mpangaji mwenzetu alimwendea kumweleza kwamba mtoto wake amefunga choo tangu juzi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Yaani haendi?" Yule akasema haendi. "Sasa si useme haendi," akamjibu, akaenda kumchumia papai.

Tulipanga chumba kwake mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na mume wangu, ndoa yetu ikiwa bado mbichi. Mimi nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi pale mjini nikitokea upande wa Sumbawanga. Mume wangu alikuwa mtunza ghala la tumbaku, Msukuma ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe wao mpaka Kasokola. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vinavyotazamana kwenye korido, jiko na bafu viko uani. Mama mwenyewe alikaa chumba cha mbele. Watu wote walimwita Mama Mwenye Nyumba, hata wauza dagaa sokoni ambao yeye hakuwa mwenye nyumba wao, na sikuwahi kusikia mtu akimwita jina lingine.

Mwanzoni nilidhani ni lugha. Alikuwa mtu wa Karema, wa ziwani, nikajiambia labda kwao hawalitumii neno hilo, kama vile kwetu kuna maneno ambayo hatuyapeleki mbele ya wakwe. Nikamwuliza mwalimu mwenzangu aliyetoka huko huko. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa, akasema kwao wanafunga kila kitu. Nikarudi nyumbani nikiwa sielewi zaidi ya nilivyotoka.

Niliudhika pia, lazima niseme. Mimi darasani nilikuwa nakipenda sana kitenzi hicho. Niliwaandikia watoto ubaoni: kufunga mlango, kufunga safari, kufunga ndoa, kufunga bao, kufunga Ramadhani, kufunga mtu jela. Nawaambia watoto, angalieni neno moja linavyofanya kazi za watu wengi. Halafu narudi nyumbani nakuta mama mtu mzima anazunguka uani akisema "nirudishie dirisha". Nikimwambia, "Mama, nimeshafunga," hajibu. Anakuja mwenyewe, anasukuma dirisha kwa kiganja, ndipo anaondoka.

Kitu kingine kilichonitatiza ni umeme wake. Enzi zile Mpanda tulikuwa tunategemea majenereta, na umeme ulikuja ukijisikia. Ukirudi, mji wote ulijua kwa pamoja: redio zinaanza katikati ya sentensi, mashine ya kusaga kule sokoni inaguruma, watoto wanapiga kelele. Nyumba nyingi zilikuwa na taa moja moja tu. Mama alikuwa nazo vyumba vyote na koridoni, na meni swichi ilikuwa ukutani nje ya chumba chake, kijisanduku cha chuma chenye mkono pembeni. Rangi yote ilikuwa imeshatoka kwenye mkono ule kwa kushikwa, pamoja na yale maandishi ya kuonyesha upande wa kuwasha na upande wa kuzima.

Balbu ikiungua, hata umeme ukiwa umekatika mji mzima, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka Mama aje. Anavaa kandambili kavu. Anashusha ule mkono, anafungua kisanduku, anachomoa fyuzi, kile kidude cheupe cha kauri chenye waya mwembamba ndani. Kisha anamfuata yule anayetaka kubadili balbu, anamwekea fyuzi kiganjani na kusema, "Shika." Na wewe lazima ujibu, "Nimeshika." Ukijibu "ndiyo" anasubiri. Ukijibu "sawa, Mama" anasubiri. Kama ni mwanamume anaitia mfukoni, na kama ni mwanamke anaifunga kwenye pindo la khanga. Hapo ndipo Mama anakuletea kigoda cha mbao, maana meza yake ya chuma hakutaka mtu aikanyage kwa kazi hiyo.

Tulimcheka. Wapangaji walisema Mama anazima kitu kilichozimika. Mume wangu alikuwa anamwigiza chumbani, ananiwekea kijiko kiganjani, "Shika," na mimi nikicheka nasema, "Nimeshika." Kuna siku Mama alibadili taa ya chumba chake mwenyewe, akafunga fyuzi kwenye pindo, akasahau, akaondoka nayo sokoni. Jioni ile umeme ulikuwepo mtaa mzima isipokuwa kwetu. Jirani mmoja akatoka akasema labda fundi ametukatia. Tukakaa kwenye giza koridoni tukimlaumu fundi asiyekuwepo, Mama akiwa ndiye mlaumu mkubwa, mpaka alipofungua pindo kutafuta hela ya mafuta ya taa na fyuzi ikamdondokea mguuni. Hakuona aibu hata kidogo. Alisema, "Si mnaona, ilikuwa mahali pa kujulikana."

Usemi wake ulikuwa huo huo kila mara, kwamba yeye anataka aambiwe kitu anachoweza kukishika. Ukimwambia mvua itanyesha, anatoa mkono nje. Ukimwambia umemsamehe mtu, anauliza umempelekea nini. Nilipomwambia kwamba nina mimba aliniwekea kiganja tumboni mbele ya wapangaji wote, kisha akaniambia, "Haya, Mwalimu, nimesikia." Tangu siku ile alinipikia uji wa ulezi kila asubuhi, mama yule yule ambaye ukichelewa kulipa maji anahamisha ndoo yako kutoka kwenye foleni.

Na ilipofika Ramadhani nilichanganyikiwa kabisa. Mama alikuwa Mwislamu mwenye msimamo. Aliswali, alitoa futari, na alikuwa akituletea hata sisi Wakristo mabakuli ya tambi na mihogo ya nazi. Lakini mtu akimwuliza, kama watu wanavyoulizana mwezi ule, "Mama, umefunga?" alikuwa haitikii. Anageuza kichwa kama mtu aliyeitwa na mwingine. Akibanwa sana atasema, "Sili leo," au, "Wewe unanionaje?" Basi maneno yakatembea. Wapangaji wengine wakasema hafungi, anakula chumbani kwake akijificha, na futari zile ni za kutuziba midomo. Mimi nilimwona midomo imekauka mchana, nikajua anafunga. Kwa nini mtu afanye ibada ngumu namna ile halafu ashindwe kuikiri kwa neno moja? Nilimwuliza mume wangu. Akasema, "Achana naye, wazee wana mambo yao." Jibu hilo lilimtosha yeye.

Bafu ndilo lililotugombanisha. Vyumba vyote vilikuwa na taa, korido ina taa, hata choo kina taa, lakini bafu lilikuwa giza. Kwenye dari kulikuwa na holda iliyoungua, nyeusi, waya mbili zimechomoza na kukunjwa, na swichi yake iko nje ya mlango lakini haiwashi chochote. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyoota ukijani, na dirisha lake lilikuwa tundu la ukubwa wa kitabu. Nilimwomba Mama aweke taa. Akasema oga mchana. Nikamwambia mimi nafundisha mchana. Akasema basi oga na koroboi. Koroboi bafuni linazimwa na maji ya kwanza tu, na yeye alilijua hilo.

Mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, nikateleza. Nilikuwa nimeinama kuchota maji, mguu ukaenda, nikaanguka kwa ubavu, ndoo ikanimwagikia. Nililala pale gizani nikijishika tumbo, nikisikiliza kama mtoto anacheza. Hakucheza. Mama ndiye aliyekuja wa kwanza, akanitoa, akanikalisha kitandani kwake, akaniwekea kile kiganja chake. Tulikaa hivyo. Baadaye mtoto akapiga teke, na Mama akaondoa mkono haraka na kwenda kusimama dirishani. Niliogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilimwambia, "Mama, nataka taa. Nisipopata taa nitamuua huyu mtoto mle ndani." Hakugeuka.

Mume wangu hakungoja. Alinunua taa dukani, siyo holda tupu kama ile ya zamani. Hii ilikuwa na kifuniko cha kioo kinachokazwa na mpira ndani yake ili mvuke na maji visiingie. Jumamosi asubuhi Mama alikwenda sokoni, na umeme ulikuwa haupo tangu usiku. Mume wangu akasema, "Umeme wenyewe hamna. Tumalize hii kazi kabla hajarudi na maneno yake." Akachukua kigoda. Nikamwambia hata hivyo tuzime. Akasema sawa, nenda kazime pale koridoni, nitakuuliza.

Nilisimama mbele ya kile kisanduku. Nikashika mkono nikausukuma. Ukaenda upande mmoja kwa mlio. Nikabaki naangalia. Sikujua kama nimezima au nimewasha, maana sikukumbuka ulikuwa upande gani nilipoukuta, na rangi haikuwepo ya kunisaidia. Umeme ungekuwepo ningetazama taa, lakini haukuwepo. Nikaurudisha. Nikausukuma tena. Nikawa nimechanganyikiwa zaidi. Kutoka bafuni mume wangu akaita, "Umefunga?"

Kwao, kama ilivyo kwa watu wengi wa bara, taa inafungwa na redio inafungwa. Kwa hiyo alikuwa anauliza kama nimezima. Lakini yeye mwenyewe wakati ule alikuwa juu ya kigoda anafunga taa, na fundi akija kukuwekea umeme nyumbani tunasema amefunga umeme. Nilisimama pale, mwalimu wa Kiswahili, mkono juu ya chuma, sijui nimefunga nini. Nikafungua mdomo kujibu ndiyo, nimefunga, kwa sababu alikuwa anasubiri na kwa sababu umeme haukuwepo, ungedhuru nini?

Mama alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele na kikapu chake. Alilisikia swali. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia namna ile ndani ya nyumba. Nyanya zilitawanyika koridoni. Alinipita bila kunitazama, akaenda uani, na niliposikia kelele nikamfuata nikakuta amemvuta mume wangu kwa shati mpaka chini, kigoda kimepinduka. Mume wangu alikuwa anang'aka, "Mama, vipi? Umeme si hamna?"

"Umekatika," Mama akasema, akihema. "Nani kakwambia umezimwa?"

Akarudi koridoni. Akashusha mkono wa swichi, akafungua kisanduku, akachomoa fyuzi. Akaja nayo uani, akachukua mkono wa mume wangu, akamfumbua vidole.

"Shika."

Mume wangu aligeuza uso pembeni. Alikuwa bado na hasira.

"Nimesema shika."

"Nimeshika."

"Iko wapi?"

"Mkononi, Mama. Si unaiona."

"Itie mfukoni. Vaa kandambili. Futa hapo chini kwanza, pakauke. Haya, panda."

Akaendelea na kazi, Mama amesimama mlangoni mwa bafu na mikono ameikumbatia. Mume wangu alitoa holda ya zamani, akakwangua ncha za waya, akazigusa kwa tesa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwanza kwa sababu Mama alimwambia aguse. Alikuwa ameshika ncha moja kwa vidole vyake vitupu anaiingiza kwenye taa mpya wakati redio ya jirani ilipoanza kuongea. Mashine ya kusaga ikaguruma. Watoto wa mtaa wa pili wakapiga kelele.

Mume wangu aliganda pale juu. Alitazama vidole vyake na ule waya, kisha akapeleka mkono mwingine taratibu kwenye mfuko wa shati na kukishika kile kidude cha kauri kwa nje ya kitambaa. Mimi nikakaa chini kwenye kizingiti. Nilipogeuka kumtafuta Mama nimshukuru, hakuwepo. Alikuwa ameingia chumbani kwake. Hakutoka mpaka kesho yake, na uji sikuletewa.

Kwa hiyo bafu likapata taa. Niliogea kwenye mwanga, nikasugua ule ukijani wote, na mwanangu akazaliwa salama. Ila Mama hakuitumia taa ile hata siku moja. Akienda kuoga jioni anaizima kwanza kwa ile swichi ya nje, kisha anaingia na koroboi lake linalozimika. Nilimwona mara nyingi na kila mara nilitaka kumwuliza, nikashindwa. Nilikuwa nimeshazoea kwamba mama huyu ni mtu wa kumshukuru bila kumwelewa. Tulihamia Tabora mtoto akiwa anatambaa, na siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka stesheni, akakaza mwenyewe kamba za godoro letu.

Nilirudi Mpanda mwishoni mwa miaka ile ya tisini, kwenye msiba wa upande wa mume wangu, nikaambiwa Mama Mwenye Nyumba ameiacha nyumba kwa ndugu zake na sasa anakaa kwa mtoto wa dada yake huko Magamba, kwenye mahindi. Nikamfuata alasiri moja na mwanangu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, macho yamefanya ukungu. Kule hakukuwa na umeme hata wa dawa. Alinitambua kwa sauti, akasema, "Mwalimu," akaomba apewe mtoto amshike. Alimpapasa kichwa, mabega, magoti, bila haraka.

Kisha akauliza, "Ile taa ya bafuni inawaka bado?"

Nikasema nimepita pale, inawaka. Na hapo nikamwuliza, kwa sababu nilijua huenda sitarudi tena. Nikamwuliza kwa nini aliikataa taa, na kwa nini alilikataa lile neno.

Alinijibu kama mtu aliyekuwa anasubiri aulizwe.

"Mdogo wangu wa kiume alikuja kunitembelea toka Karema. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Mimi kwetu toka utoto nilikuwa najulikana, swaumu inanishinda, ikifika mchana nimeshachungulia sufuria. Basi toka asubuhi ananitania. Dada, umefunga? Namwambia nimefunga. Anakwenda kule, anarudi, dada, umefunga kweli? Nikamwambia kama huna kazi kanibadilishie holda ya bafuni. Umeme haukuwepo. Akasema, kazime pale ndani. Nikasema haya. Mara muuza mkaa kaita mlangoni, nikaenda kuongea naye, nikapitiwa. Nikarudi jikoni. Nikasikia toka bafuni, dada, umefunga?"

Mwanangu alikuwa anacheza na pindo la khanga yake. Mama akamwachia.

"Nikacheka, Mwalimu. Nikajua ananitania tena. Nikamwambia nimefunga."

Nikasema kitu cha kijinga, kitu pekee kilichokuja. "Na ulikuwa umefunga, Mama."

"Nilikuwa nimefunga," akasema. "Sikumdanganya."

Umeme ulirudi wakati gani hakuniambia, na sikumwuliza. Nililia pale mkekani, yeye halii, ananipigapiga goti kama mimi ndiye niliyefiwa. Nilikuwa nimeishi naye chini ya bati moja, nimekula futari yake, nimemcheka na kijiko, na holda ile nyeusi niliitazama kila jioni.

Jua lilipokuwa linashuka nikasema tuondoke. Akaniomba nimrudishie banda la kuku kabla sijaenda, kwa sababu mtoto wa dada yake alikuwa shambani na yeye haoni tena tundu la kufuli. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaingiza kuku, nikarudisha mlango, nikabana kufuli, nikalivuta kulijaribu.

"Mwalimu," akaita kutoka barazani. "Umefunga?"

Nilisimama na ufunguo mkononi. Sikujua kama neno lile limemponyoka kwa uzee, au ananitania, au amechoka kulibeba. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba jibu lilikuwa rahisi, kufuli lilikuwa limebana, neno sahihi lilikuwa moja tu, na sikuweza kulitamka.

Nikazunguka nyumba mpaka barazani, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikachukua mkono wake, nikamfumbua vidole, nikaweka ufunguo katikati ya kiganja.

"Shika, Mama."

Aliupapasa kwa kidole gumba mpaka meno yake.

"Nimeshika," akasema, akaufunga kwenye pindo la khanga.